Machela, bomba la uji na pakacha: nilivyotengeneza vitu vya kuchezea sokwe kwa malighafi ya Mombasa

Nikisema sokwe nakusudia sokwemtu, si gorila. Kenya haina sokwe wa porini. Walio karibu nasi wako Gombe na Mahale upande wa Tanzania, na Kibale na Budongo upande wa Uganda. Walioko Kenya wanatunzwa Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia, kituo kilichoanzishwa 1993 kupokea sokwe walioondolewa Bujumbura vita vilipozuka Burundi. Uganda wana kisiwa cha Ngamba ndani ya Ziwa Viktoria tangu 1998. Makazi ya namna hii yamejaa mayatima: mama ameuawa kwa ajili ya nyama, mtoto akauzwa afugwe nyumbani au awekwe mlangoni pa hoteli, hadi siku alipotolewa mikononi mwa wachuuzi.

Hata kituo kiwe kizuri vipi, tatizo lake ni saa za mchana. Porini sokwe hushinda karibu nusu ya siku akitafuta chakula na kula. Kituoni hutupiwa karoti na viazi vitamu, na kabla jua halijapanda ameshamaliza. Saa zinazobaki zikikosa kazi, huanza kujing'oa manyoya, kuyumbayumba mahali pamoja, au kuwaonea wadogo. Ndiyo maana kila ninachotengeneza na kukituma kituoni nakiuliza maswali mawili tu: kitashughulisha mikono kwa muda gani, na mikono ya wangapi kwa wakati mmoja? Rangi hunufaisha macho ya wageni. Sokwe haimsaidii.

Kwa kazi hii Mombasa imejaliwa. Shimanzi unapata mapipa, minyororo na mpira wa zimamoto uliotolewa kwenye meli na mahoteli. Katani iko Vipingo. Minazi iko kila mahali, na mnazi wenyewe una makuti, makumbi na vifuu. Kongowea kuna chakula cha kujaribia. Kinachotushinda ni unyevu, na huo nitaurudia.

Machela, yaani kitanda cha kuning'inia, ndiyo niliyoanza nayo, na ndiyo iliyonifunza zaidi. Sokwe hupenda kulala juu, na kila jioni porini hujitengenezea kiota kipya kwa kukunja matawi. Mpira wa zimamoto wa inchi mbili na nusu ukilazwa huwa na upana wa karibu sentimita 10. Machela ya mita 1.5 kwa mita 1.2 hutaka vipande 12 vya urefu wa mita 2.1 na vipande 15 vya urefu wa mita 1.8, yaani kama mita 52 kwa jumla. Zile sentimita 30 za ziada kila upande ni za kukunjia kwenye fremu ya bomba la chuma. Chagua mpira uliopitisha maji peke yake. Uliowahi kubeba mafuta au povu la kuzimia moto usiuguse, kwa sababu watautafuna. Kata, choma ncha kwa moto ili nyuzi zisichomoke, kisha suka moja juu moja chini kama mkeka, ukibana hadi usione mwanga katikati.

Kubana huko ndiyo kiini cha usalama. Tundu kwenye kitu cha sokwe ama liwe dogo kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipenyi, ama liwe kubwa kiasi kwamba mwili mzima unapita bila kukwama. La katikati ni mtego. Mtoto huingiza kichwa kwa furaha, kisha kutoa kinamshinda, na mwenzake anamvuta mguu akidhani mchezo unaendelea.

Sehemu ya pili ni bolti. Natumia za milimita 10, zisizoshika kutu, zenye washa pana pande zote mbili na nati ile yenye plastiki ndani. Nati ya kawaida hata uikaze kwa spana ndefu, sokwe ataifungua. Ana vidole vyenye nguvu na, zaidi ya hapo, ana subira. Atairudia kila siku mpaka iachie, na ikiachia ataiweka mdomoni. Nikishakaza nakata mkia wa bolti kwa grenda, naziponda nyuzi zake kwa nyundo, kisha napiga msasa mpaka nikipitisha kitambaa cha pamba kisinase. Kikinasa uzi mmoja, kitachana ngozi.

Minyororo ya pembe nne ni ya milimita 8, iliyopakwa zinki, na kila mmoja naupitisha ndani ya kipande cha mpira uleule ili vidole visiingie kwenye pete zake. Kuhusu uzito, usihesabu sokwe mmoja. Dume mzima kituoni hufika kilo 60 na wengine huzidi, na machela mpya hurukiwa na watatu kwa pamoja wakitokea juu. Mimi huitundika karakanani na kuipakia mifuko kumi ya saruji, kilo 500, ilale nayo usiku kucha. Asubuhi napima kama fremu imepinda. Ikipinda hata kidogo, haiendi.

Kamba zina hatari yake. Watu wengi hudhani kamba yoyote ni bembea. Kamba nyembamba, chini ya sentimita 2, hujifunga kitanzi shingoni au huzunguka kidole mpaka damu ikakatika. Nailoni iliyotafunwa huacha nyuzi ndefu zinazomezwa bila kusagika, nazo huweza kuziba utumbo. Makosa yote mawili niliyafanya kwenye fungu la kwanza, na wahudumu wakazishusha kabla ya mnyama kuumia. Siku hizi natumia katani nene ya milimita 36 au zaidi, ambayo haikubali kupinda kuwa kitanzi kidogo. Naifunga ncha zote mbili iwe imetandazwa kama daraja. Ikibidi ining'inie kwa ncha moja, naifupisha isitoshe kuzunguka shingo. Katani huoza. Mvua za miezi mitatu zinatosha kuimaliza, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Ifunue katikati kwa msumari: ikitoka vumbi la kahawia, imekwisha. Amari za meli, zile kamba kuu za bandarini, zinavutia kwa unene wake, lakini nyingi ni za plastiki na zimelowa mafuta. Nimeziacha.

Sasa bomba la uji. Mwaka 1960 kule Gombe, Jane Goodall alimwona sokwe akichovya unyasi kwenye kichuguu na kuutoa umejaa mchwa. Ujuzi huo huo unaweza kupewa nafasi hata pasipo na mchwa. Chukua bomba jeusi la maji lenye ukuta mnene, tundu la milimita 32, likate vipande vya sentimita 35. Bomba jeupe la PVC halifai kabisa, kwani likitafunwa hupasuka vipande vikali kama kioo. Vipande hivyo vya bomba jeusi vizamishe kwenye kichuguu cha zege kwa mshazari, mdomo ukitazama juu upande wa sokwe, kitako kikitokeza upande wa mhudumu nje ya uzio na kufungwa kwa kizibo cha kuzungusha.

Vipimo hivyo vina sababu. Tundu jembamba zaidi hunasa kidole cha mtoto. Tundu pana zaidi hupitisha mkono, na kazi inaisha siku hiyo hiyo. Kwa milimita 32 kidole huingia na kutoka kwa raha lakini hakifiki chini, kwa hiyo lazima atafute kijiti. Hapo ndipo utamu ulipo. Ataenda kuvunja tawi, atalipukutisha majani, atalitafuna ncha liwe kama brashi, atajaribu, ataona ni fupi, atarudi kutafuta jingine. Wadogo huketi bega kwa bega na wakubwa wakitazama, kisha huiba kijiti. Kwa maoni yangu hakuna kitu cha bei nafuu zaidi kinacholeta shughuli nyingi hivyo.

Ndani weka uji wa wimbi mzito usiotiwa sukari, kama vijiko vitatu kwa kila bomba. Nasisitiza sukari kwa sababu matunda ya mashambani tayari ni matamu kuliko ya msituni, na sokwe wa kituoni hunenepa upesi na kuoza meno. Uji huchacha kwa saa chache na kuita sisimizi, hivyo kizibo kifunguliwe jioni na bomba lisuguliwe kwa brashi ya chupa. Bila kizibo cha nyuma kichuguu chote huwa kopo la uvundo baada ya wiki moja, na kukivunja ni kazi ya nyundo kubwa. Mihogo usiitie popote ikiwa mibichi, ina sumu, ichemshwe. Karanga zilizoshika unyevu zitupwe, kwani kuvu wake hutoa sumu isiyoondoka kwa kukaanga.

Pakacha ndilo nilipendalo kuliko vyote. Kuti moja bichi la mnazi, mikono ya mtu aliyezoea, na kwa dakika chache una kikapu. Ndani naelekeza wahudumu watie majani makavu, viganda vya mahindi, na katikati kabisa kipande cha kiazi kitamu au kiganja cha njugu mawe zilizochemshwa. Kisha mdomo ushonwe kwa kuti lilelile, bila uzi wala waya. Sokwe hulipokea kwa kulinusa, hulitingisha sikioni, halafu huanza kulifumua. Kuna anayelirarua kwa meno, na kuna anayefumua kuti moja moja kana kwamba anatafuta kosa la msusi. Likiisha kuliwa lililomo, mchezo ndiyo unaanza: mdogo hulivaa kichwani, mwingine hulikokota huku anafukuzwa, na mabaki huishia kwenye kiota. Hakuna cha kukusanya wala kuosha.

Nazi nzima zenye makumbi nazo hupendwa kwa kuviringishwa na kubebwa. Usitegemee wazipasue kwa mawe. Kupasua kokwa kwa mawe ni ustadi wa sokwe wa Afrika Magharibi, kama wale wa msitu wa Taï kule Kodivaa, na haukuonekana kwa hawa wa kwetu. Vifuu vitupu nilivituma mara moja tu. Vikivunjika kingo zake hukata, na kuvipiga msasa kimoja kimoja hakulipi.

Idadi ni jambo ambalo fundi husahau kwa kuwa haoni kundi. Kundi la sokwe kumi likipewa mapakacha matano, dume mkuu na jike mwenye nguvu watajikusanyia, na wanyonge watapigwa. Natuma kumi na tano kwa kila kumi, na naomba yatawanywe mahali ambapo anayekula moja haoni jingine. Saa nayo ina maana. Yasitolewe wakati wa mlo wa asubuhi ambapo kelele na mori umepanda. Yanafaa saa nne hivi, wakishatulia, kisha tena saa tisa baada ya mapumziko ya adhuhuri ambapo wakubwa huchambuana manyoya na watoto hutekenyana juu yao.

Nikiletewa video ya kitu kipya, natazama midomo kwanza. Sokwe anayecheza hulegeza mdomo ukafunguka, meno ya chini yakaonekana na ya juu yakafunikwa, na kicheko chake ni kuhemahema. Akionyesha safu zote mbili za meno huku midomo imevutwa nyuma, huyo ana hofu, ingawa wageni humpiga picha wakisema anatabasamu. Kitu kinacholeta meno ya namna hiyo nakirudisha karakanani. Mara nyingi ni kelele: pipa tupu la lita 200 likiviringishwa na dume linaishtua jamii nzima. Nilitoboa matundu ya sentimita 5 ubavuni kwa keekee na kulijaza makumbi nusu, ngurumo ikapungua. Matundu hayo nayo lazima yalainishwe kingo.

Usafi una uzito kuliko ufundi. Sokwe huambukizwa mafua na magonjwa yetu ya kifua, na mafua yanayotupita sisi kwa siku tatu huweza kumuua. Anayekohoa karakanani hagusi kitu cha sokwe. Kabla ya kufungasha, kila kisicho cha mimea kinaoshwa kwa sabuni, kinakaa dakika 10 kwenye maji yenye klorini ya kufulia, sehemu moja kwa 30, kinasuuzwa mpaka harufu iishe, kinaanikwa juani.

Vya mimea ndivyo vinavyoteswa na unyevu wa pwani. Pakacha likifungiwa bichi kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu kabla lori halijafika Nairobi. Likikaushwa sana hukatika mkunjo na kufumuka lenyewe. Nayaanika kivulini siku moja tu, nayafunga kumi kumi kwenye gunia la katani linalopitisha hewa, nayalaza kwenye mbao na si sakafuni. Juu ya gunia naandika tarehe yaliposukwa. Yakipita siku sita kabla ya kutumika, mhudumu ayaloweshe nusu saa na kuyanusa, na lenye harufu ya chumba kilichofungwa aliweke kwenye mbolea.