Maji yangu ndiyo yaliyokuwa yakiua waridi la jangwani

Mawaridi mawili ya jangwani yaliniozea kabla sijaelewa kosa langu. Kila majani yalipogeuka manjano na kudondoka, nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Kumbe mmea huu wa ukame hupukutisha majani kujikinga. Maji mengi hutoroka kupitia vitundu vya majani. Majani yakishadondoka, shina lile nene kama chupa huishi kwa akiba yake.

La tatu lilipoanza kulegea karibu na udongo, nililing'oa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka. Nilivaa glavu, maana utomvu wake ni sumu (wawindaji wa sehemu kadhaa za Afrika waliupaka kwenye mishale), nikakata kwa kisu safi mpaka nikafika penye weupe usio na doa. Kisha likaja jambo lililokaribia kunishinda: kuliacha kivulini bila udongo wala tone la maji, zaidi ya wiki nzima, hadi kidonda kikauke. Kila asubuhi nililitazama kwa uchungu, mkono ukiwasha kushika kopo la maji.

Nililipanda kwenye chungu kipana chenye matundu: mchanga wa chengachenga na kokoto kwa wingi, udongo kidogo. Wazo la upana lilinijia niliposoma habari za saguaro, kaktasi refu la jangwa la Sonora, huko Marekani na Meksiko. Mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikiwahi mvua kabla haijakauka. Si mimea yote ya ukame iko hivyo. Huko Arizona, Marekani, mzizi wa mti wa mesquite ulikutwa zaidi ya mita 50 chini. Ila kwa chungu, saguaro alinifaa zaidi.

Siku hizi siyafuati majani, nabonyeza shina. Likiwa gumu naliacha, hata kama udongo umekauka kabisa. Likinywea na kukunjamana kidogo, namwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha nalisahau. Shina likiwa laini huku udongo una unyevu, hiyo si kiu, ni kuoza, na kisu kisichelewe.

Msimu wa baridi lilibaki kijiti kitupu, nami nikajizuia. Joto liliporudi, vichipukizi vilitokeza nchani, na baada ya hapo ua moja jekundu lenye koo jeupe.