Kasa kwenye sweta ya mtoto: uzi kwanza, picha baadaye

Kasa aliyefumwa kwa uzi wa akriliki ni plastiki yenye picha ya kasa. Akriliki ikifuliwa humeguka vinyuzi vidogo mno, navyo huondoka na maji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki, kwa mfuo mmoja wa mashine, zinaweza kuachia vinyuzi zaidi ya 700,000. Na anayefulia Nairobi asidhani bahari iko mbali: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inageuka Galana, Galana inaitwa Sabaki, na Sabaki inamwaga maji kaskazini ya Malindi, pwani ileile ambako kasa hutaga.

Kwa hiyo uchague uzi kabla ya kugusa penseli. Pamba ni nzuri, ila ni nzito na haina mnyumbuko, hivyo sweta hurefuka kwa uzito wake. Sufu hurudi mahali pake na huvumilia mtoto asiyetulia, lakini ile iliyoandikwa kuwa inafulika kwa mashine mara nyingi imepakwa utando wa plastiki. Tafuta ya kawaida na uifue kwa mkono, maji baridi.

Sufu ikikushinda bei, nenda mitumba. Chomoa uzi kidogo uuchome: ukinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika vidoleni, ni sufu, ukinuka karatasi, ni pamba, ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, rudisha sweta mahali pake. Kisha geuza nguo utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloku, yaani mshono wa mashine unaozuia kingo zisifumuke, iache, maana ukifumua utapata vipande vifupi vya uzi, safu kwa safu. Uliofumuliwa uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuloweke, kisha uuanike ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo hadi mikunjo iishe.

Sasa picha. Kosa linaloonekana kila mahali ni kuchora miguu minne inayolingana. Huyo ni kobe. Kasa ana makasia mawili marefu ya mbele yaliyopinda kurudi nyuma, na mawili mafupi nyuma.

Kosa la pili ni la karatasi. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, sentimita 10 huchukua takriban vitanzi 22 kwa upana lakini safu 30 kwa urefu. Kitanzi ni kipana kuliko kimo chake, kwa hiyo duara ulilochora kwenye miraba sawa litatoka limebonyea kama chapati. Kila vitanzi 20 vya upana vinataka safu 27 ili umbo libaki sawa.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, mwenye kifua cha sentimita 57 hivi, fuma mzunguko wa vitanzi 140, yaani karibu sentimita 64. Mia na arobaini inagawanyika kwa 20, basi unapata kasa saba kuzunguka kiwiliwili. Gamba lipewe vitanzi 10 kwa safu 15, kila kasia la mbele vitanzi 4, na vitanzi 2 vibaki bahari kati ya kasa na jirani yake. Kichwa kidarizi baadaye kwa kufuata vitanzi. Ukikifuma kwa vitanzi 4, uzi wa rangi ya kasa utasafiri nyuma ya vitanzi 16, na vidole vya mtoto vitaunasa kila anapovaa. Hata penye gamba, ufungie uzi unaopita nyuma, yaani uunase kwa uzi unaofumia, kila baada ya vitanzi 4 au 5, na usifungie mahali palepale safu zote, la sivyo mstari utajitokeza mbele. Sehemu ya rangi mbili hujikaza, kwa hiyo panda sindano ya 4.5.

Ukianzia shingoni kushuka, chati, yaani picha uliyochora kwenye miraba, isome kutoka juu. Anayesahau hupata kasa wanaozamia chini, jambo ambalo halina ubaya. Jahazi likitoka hivyo, limepinduka.

Rangi za bahari zina mtego wake: bluu na kijani zinazopendeza pamoja dukani humezana zikifumwa. Piga picha madonge mawili kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Zikionekana kijivu kimoja, badilisha moja. Bluu nzito isugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa, usije ukafulia kasa weupe wakatoka samawati.

Nunua madonge matano ya gramu 50 na moja la ziada. Mikono ifume na sentimita 5 za kukunja. Kuanzia shingoni kuna faida hapa, kwani mwaka unaofuata unafungua ukingo wa chini tu na kuendelea, na sweta inayovaliwa miaka mitatu inaifaa bahari kuliko picha yoyote.

Shingo ya vitanzi 80 ni sentimita 36, na kichwa cha umri huu ni kama 50. Sufu itavutika ukifunga vitanzi kwa ulegevu. Pamba haitavutika vya kutosha: acha mpasuko begani wenye vifungo vitatu vya kifuu, uvishone kwa uzi maradufu, na usitie kamba yoyote shingoni.