Kontena Linaporudi

Jumatano, usiku

Watoto wamelala. Mezani mbele yangu kuna makontena mawili ya chakula cha shule, la bluu na la kijani, yote yamefunguliwa. La kijani, la kitinda mimba wangu, limerudi na makombo ya mkate tu. La bluu, la kaka yake, limerudi na vipande vyote sita vya karoti nilivyovikata jana usiku, vimekauka na kupauka. Nimefungua daftari nikaandika: "Mkate wa yai, umekwisha. Chungwa, limekwisha. Karoti, zote zimerudi."

Daftari hili nililianza siku ya kwanza ya muhula. Halina mapishi ndani yake, wala bajeti. Naandika kilichorudi, basi.

Kwa miaka miwili nilifunga chakula cha wanangu nikiwaza macho ya watu wazima. Nilitaka mwalimu akipita karibu aone rangi tatu ndani ya kontena, ajue kwamba hawa watoto wana mama anayewajali. Nilikesha nikikatakata, nilinunua vitu vilivyonizidi uwezo, na jioni nilisimama juu ya pipa la taka nikikung'uta chakula kilekile. Hela iliniuma, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba mtoto alikaa na njaa kuanzia asubuhi hadi alasiri, akafanya hesabu na njaa, akacheza na njaa, na chakula kipo ndani ya begi lake.

Yai ndilo lililonizindua. Wiki nzima yai la kuchemsha lilirudi zima, na ganda lake. Siku ya kwanza nilimwuliza mkubwa kwa ukali, naye akajibu kama watoto wote wanavyojibu wakiulizwa kwa ukali: "Sijui." Ijumaa nilikaa naye kitandani, taa imezimwa, nikamwuliza tena polepole. Akasema, "Mama, nikilimenya linanuka. Wenzangu wanaziba pua."

Ana miaka tisa. Wiki nzima alikuwa akichagua kati ya njaa na kuchekwa, akachagua njaa, na hakuniambia kwa sababu sikuwa nimemwuliza vizuri.

Nikaanza kulichunguza hilo yai. Nilikuwa na tabia ya kuliacha jikoni lichemke huku nikifua au kupiga pasi, dakika 20, pengine zaidi. Kumbe yai likipikwa kupita kiasi, salfa iliyomo kwenye ute mweupe hutoa gesi yenye harufu ile kali, na gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma ya kiini hufanya ule ukungu wa kijani unaokizunguka. Siku hizi nahesabu dakika 10 tangu maji yachemke, kisha nalitumbukiza kwenye maji baridi papo hapo. Namenya mwenyewe, naliponda na chumvi kidogo, nalipaka katikati ya vipande viwili vya mkate. Ni yai lilelile, bei ileile, na zile gramu 6 hivi za protini ziko palepale. Halijarudi tena.

Baada ya hapo nikataka kujua kila kitu kuhusu hiyo saa ya chakula nisiyoiona. Nilimwuliza mwalimu wa darasa wanapewa muda gani. Dakika 20, akaniambia, na ndani yake kuna foleni ya kunawa mikono, kutafuta pa kukaa, na maneno. Watoto wana mengi ya kuambizana. Jioni ile nilimpa mdogo chungwa zima, kama nilivyokuwa nikimfungia, nikatazama saa. Alihangaika nalo dakika saba, akitoboa ganda kwa kidole gumba, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikampa na kontena lake afungue. Alishindwa. Kifuniko kilikuwa kigumu kwa vidole vya mtoto wa miaka sita, na siku zote alikuwa akisubiri mtu mzima apite amsaidie. Nililia kidogo usiku ule, nalisema bila aibu.

Sasa kabla ya kitu kuingia kwenye begi, mtoto anakifungua kwanza nyumbani mbele yangu. Chungwa naligawa vipande na ganda lake, aume tu. Tufaha nalikata, nalipitisha kwenye maji yenye ndimu ili lisigeuke rangi, kwa sababu asidi ya ndimu huzuia kile kimeng'enya kinacholifanya liwe kahawia. Wale ambao bado wana watoto wa miaka minne au mitano, zabibu mbichi zikateni kwa urefu, vipande vinne. Zabibu nzima huziba koo la mtoto mdogo sawasawa na kizibo.

Ijumaa, usiku

Dada mmoja aliyesoma yale ya Jumatano ameniuliza nawezaje na mshahara mmoja. Nimekaa na swali lake siku mbili, kwa kuwa jibu langu la kwanza lingekuwa "najibana," na hilo si jibu linalomsaidia mtu.

Nilichofanya kwanza ni kuacha kununua vilivyofungwa vimoja vimoja. Mtindi wa kikopo kidogo na mtindi wa kopo kubwa ni mtindi uleule. Tofauti yake ni plastiki, na mara nyingi sukari. Nanunua kopo kubwa usiotiwa sukari, napakua kwenye kibakuli kidogo chenye mfuniko, naponda ndizi iliyoiva sana juu yake. Ile ndizi yenye madoa meusi ambayo watoto wanaikataa mezani ndiyo tamu kuliko zote ndani ya mtindi.

Kisha maharage. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva hutoa karibu kilo mbili na nusu, na hakuna protini nyingine jikoni kwangu inayoongezeka hivyo. Jumamosi usiku nayaloweka, Jumapili namwaga maji ya kulowekea na kuyapika mara moja kwa wiki nzima. Yale mekundu yanataka moto mkali, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha. Yakishapoa nayagawa kwenye vifuko na kuyaweka kwenye friza. Mengine nayaponda na mafuta kidogo, kitunguu saumu na ndimu, yanakuwa ya kupaka kwenye mkate. Wanangu wote wawili wanayala hivyo, wakati yakiwa mazima huwa yanarudi. Nimeyaandika mara nne kwenye daftari: "Maharage mazima, nusu imerudi." Yaliyopondwa sijayaandika hata mara moja.

Na siku ya maharage lazima kuwe na chungwa au nyanya mbichi pembeni. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage mwili huyapokea kwa shida, ila vitamini C ikiliwa pamoja nayo huurahisishia kazi. Kipande cha chungwa hakiongezi gharama ya maana, na kinalifanya harage lile lile limfae mtoto zaidi.

Jambo la tatu ni la mpangilio tu, lakini limeniokoa kuliko yote. Chakula cha kesho nakitenga kabla sijapakua cha usiku. Zamani nilikuwa nasubiri kiporo, na kiporo hakiaminiki: leo kimebaki kingi, kesho sufuria ni nyeupe na saa kumi na moja alfajiri natafuta hela ya kununua chochote kilichopo. Sasa sufuria ikiepuliwa, fungu la shule ndilo la kwanza kutoka.

Kuhusu wali nina la kueleza, na si rahisi kwangu kulieleza. Mwaka jana niliuacha kwenye sufuria usiku kucha, asubuhi nikaupasha moto vizuri mpaka ukatoa mvuke, nikamfungia mkubwa. Kabla ya saa za masomo kwisha nilipigiwa simu: anatapika. Niliambiwa baadaye, na nimesoma mwenyewe tangu siku ile, kwamba kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto la chumba mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata upashe moto namna gani. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichompata, lakini yeye peke yake ndiye aliyekula ule wali, na kutapika kulianza saa chache baadaye. Tangu hapo wali ukiiva nautandaza kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe umeingia kwenye friji. Asubuhi naupasha hadi uwe moto wa kuunguza na kuutia kwenye chupa pana inayohifadhi joto, ambayo nimeijaza maji yanayochemka kwa dakika kumi kabla, kisha nikayamwaga. Chupa baridi hunyonya moto wa chakula, na vijidudu hupenda kile kisicho moto sana wala baridi sana, kati ya nyuzijoto 5 na 60. Cha moto kiwe moto. Cha baridi, kama mtindi, nakipakanisha na chupa ndogo ya maji niliyoigandisha usiku. Mchana barafu imeyeyuka na mtoto ana maji baridi ya kunywa.

Maji, naam. Juisi ya boksi niliiondoa, na hapo nyumba ilitikisika. Ile tuliyokuwa tukinunua ya mililita 200 imeandikwa ubavuni kuwa na gramu 22 za sukari, yaani zaidi ya vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kama kalori 1,600 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 20. Kaboksi kamoja kameshapita hapo, kabla ya mkate, kabla ya chai ya jioni. Sikuwapa watoto hotuba. Nilipima vijiko vitano vya sukari kwenye sahani nyeupe, nikaiweka mezani kando ya boksi, nikawaacha watazame. Mdogo alitaka kuilamba. Mkubwa alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Yote hiyo?" Wiki mbili walininunia. Wiki ya tatu chupa za maji zilianza kurudi tupu, nami niliandika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Karanga nawapa nyumbani tu. Darasani kwa mdogo kuna mtoto ambaye karanga zinaweza kumuua, na hakuna kitafunwa kinacholingana na mtoto wa mwenzangu.

Zimebaki karoti. Nimerudi nyuma kurasa zote: tangu muhula uanze nimemfungia mkubwa karoti mara kumi na moja, zimerudi mara kumi na moja. Najua mtoto huenda akahitaji kukutana na chakula kipya mara kumi, hata kumi na tano, kabla hajakikubali, na kumlazimisha huharibu. Ndiyo maana sikumgombeza. Sasa nimepunguza tu, kutoka vipande sita hadi viwili, ili nisitupe kingi wakati tunasubiriana. Huyu anakula karoti iliyopikwa bila shida. Nilidhani ni ugumu wake, nikajaribu kuikwangua, ikarudi imelowana. Nilidhani ni ladha.

Jumapili, usiku

Nilikuwa nimesimama jikoni na kisu mkononi, karoti ziko kwenye ubao, nikasikia miguu. Mkubwa amekuja kunywa maji. Alisimama akinitazama, na kabla sijamwambia arudi kulala akasema, "Mama, hizo huwa zinakuwa kama plastiki."

Nikaweka kisu chini. "Kivipi, baba?"

"Zinakauka. Ukizikata usiku, mchana zinakuwa ngumu na hazina maji. Ningependa nzima. Niume mwenyewe."

Nilimpa moja palepale, imeoshwa tu. Aliiuma akiwa amesimama mlangoni kwa nguo za kulalia, ule mlio wa kuvunjika ukajaa jikoni, akaenda nayo kitandani.

Nimeosha moja nyingine, nimeifunga nzima kwenye kitambaa chenye unyevu. Iko kwenye friji, juu ya kontena la bluu.