"Sina kazi, nipo nyumbani tu"

Nilikuwa nauliza "unafanya kazi gani", na jibu hilo nililipata mara kumi na moja kwa siku mbili, Tandale, Dar es Salaam, nilipotoka na dodoso langu kwa mara ya kwanza. Mmoja wa walionijibu hivyo alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya mihogo, mjukuu mgongoni, na pembeni jiko la mkaa lina sufuria ya maharage ya kuuza jioni. Nikaandika alivyosema: hana kazi.

Nafundisha jinsia katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa ni mwanaume, nimeshazoea kuulizwa kama nilikosa somo jingine. Wanafunzi wenyewe, hasa wavulana, huingia muhula wa kwanza wakidhani wamekuja kusikiliza wanawake wakilalamika. Zamani nilianza kwa kutofautisha jinsi na jinsia: jinsi ni ya maumbile, jinsia ni majukumu na madaraka ambayo jamii inagawa. Walinukuu, wakafaulu mtihani, wakaendelea kuyachanganya. Siwalaumu, hata fomu nyingi tunazojaza huchanganya.

Sasa naanza na sentensi moja ubaoni: "Daktari alimwita muuguzi akamkemea kwa kuchelewa." Nawaambia wawape watu hawa majina. Karibu wote huandika daktari Juma au Emmanuel, muuguzi Neema au Mwajuma. Kisha nawauliza ni neno gani kwenye sentensi limewaambia hivyo. Kimya. Kiswahili chetu hakina kiwakilishi cha kike wala cha kiume, "a-" ni ya wote, kwa hiyo hawawezi kuisingizia sarufi. Walichojaza wametoka nacho nyumbani. Zoezi hilo dogo limenisaidia kuliko slaidi zote nilizorithi, ambazo nyingi zimejengwa juu ya lugha ambayo lazima ichague kati ya wa kike na wa kiume.

Lakini kwenye utafiti wangu mwenyewe sikuwa mjanja kiasi hicho. Nilitaka kujua wanawake wanaouza chakula mtaani wanatumiaje saa ishirini na nne. Vibali vilikuwa na mlolongo wake, kuanzia chuo, mkoa, wilaya, mtendaji wa kata mpaka mwenyekiti wa mtaa, na mjumbe akanipitisha nyumba kwa nyumba. Dodoso lilikuwa la Kiingereza, nikalitafsiri usiku mmoja. Data zikaingizwa kwenye kompyuta, nikafungua jedwali la kwanza. Akina mama wa Tandale, kwa mujibu wangu, wanalala saa kumi alfajiri na kuamka saa nne asubuhi, kama wapiga muziki wa dansi.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mama akisema ameamka "kumi", msaidizi wangu ameandika 10. Akisema amelala "nne", ameandika 4. Kompyuta, isiyojua kwamba saa za Mswahili huhesabiwa tangu jua lichomoze, na tena tangu lizame, ikageuza alfajiri kuwa asubuhi na usiku kuwa alfajiri. Msaidizi hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyetafsiri maswali nikasahau kutafsiri saa.

Waliorekodiwa nilirudia kuwasikiliza. Wengine ilibidi niwafuate tena, na yule mama wa mihogo alikuwa miongoni mwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Si ulishanihoji wewe?"

Nikamwambia nimekosea, nataka tu kujua jana aliamka saa ngapi. "Kumi ya alfajiri," akasema, na hakuishia hapo. Akakoka moto. Mchele wa vitumbua aliuloweka tangu juzi usiku, akaupeleka kusagwa jioni. Saa kumi na moja anachoma huku anamwandaa mjukuu, kwa sababu kuanzia kumi na mbili watu wa daladala wanapita na wasipokuta kitu wanahamia kwa jirani. Kisha sokoni, kisha kumpelekea mama mkwe dawa, kisha mihogo, kisha maharage, na katikati akakimbia kwenye kikundi kwa sababu ilikuwa siku ya marejesho. Nilikuwa nimefuata saa moja tu, nikaondoka na siku nzima.

Swali la "unafanya kazi gani" nililitupa siku hiyo hiyo. Kazi, kwa wengi niliowahoji, ni ya mshahara. Mahali pake nikaweka "Jana ulianza na nini?" Nikaongeza na safu nyingine niliyoipa jina "huku", kwa sababu dodoso la awali liliruhusu jambo moja kwa kila saa, na sikukutana na mwanamke hata mmoja aliyekuwa akifanya jambo moja. Hata utafiti wa taifa wa nguvu kazi wa mwaka 2006 ulikuwa na sehemu ya kupima matumizi ya muda, kwa hiyo sikuwa nimegundua chochote. Nilikuwa nimelisoma hilo vitabuni kabla ya kulielewa.

Fomu hiyo sasa naitumia darasani. Kila mwanafunzi anampigia simu mtu wa nyumbani na kuijaza siku yake. Muhula uliopita kijana mmoja alisoma ya mama yake, akasita kwenye safu ya "huku", kisha akasema kwa hasira kidogo kwamba hayo ni mapenzi, si kazi. Nikawaletea kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya aliyekuwa mumewe, Ally Sefu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema, kwa kutafsiri Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Darasa likashangilia mpaka nilipowaambia kwamba rufaa ya Bi Hawa hata hivyo ilitupwa: mume alikuwa amempa fedha za mradi wa kufaidi familia, na mahakama ikaona hakuzitumia inavyotakiwa.

Hapo ugomvi ukaanza upya, na safari hii wasichana hawakuwa upande mmoja. Kipindi kiliisha, mwenzangu wa kipindi kinachofuata akasimama mlangoni akinitazama, bado wanabishana.

Fomu ya mwaka huu nimeichapa jana. Juu kabisa nimeandika kwa herufi kubwa: ANDIKA SAA KAMA ALIVYOITAMKA, NA USISAHAU KUULIZA NI YA LINI: ALFAJIRI, JIONI AU USIKU.