Siku moja maishani mwangu: mimi ni OT, nafundisha watu kupika chai upya

Saa 11 alfajiri niko macho. Naoga, naandaa chai, mtoto namwacha kwa bibi yake, saa 12 niko Kimara kwenye foleni ya mwendokasi na saa 1 na nusu nishavaa unifomu niko wodini. Hapo katikati hamna cha kusimulia, ni kusimama na kubanwa tu.

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia kwamba sisi tunacheza na wagonjwa. Kazi yangu inaitwa tiba kwa vitendo, hospitali wanatuita OT, kifupi cha occupational therapist, nimesomea KCMC kule Moshi na wengi mnatuchanganya na watu wa fizio. Fizio anamrudishia mgonjwa nguvu ya mguu na mkono. Mimi namrudisha kwenye mambo yake, kuvaa, kula, kupika, kuhesabu chenji, kurudi kazini. Sasa wagonjwa wangu wengi miguu ni mizima kabisa, mtu anatembea mwenyewe hadi getini, kilichoumia ni kichwa. Wengine kiharusi, ila vijana karibu wote ni bodaboda. Kwa hiyo ukipita ukaniona na karata, vibao vya rangi, sufuria na kijiko, usiseme dada anacheza. Pale tunatafuta umakini wa mtu umekatikia wapi.

Saa 2 asubuhi naanza na mzee wangu wa kiharusi. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, hawa wapishi wenu wananipunja." Naangalia sahani ya jana usiku ambayo hawajaitoa, nusu ya kulia imeliwa ikaisha kabisa, nusu ya kushoto wali na maharage vipo vilevile havijaguswa. Macho yake hayana shida, yameshapimwa. Kiharusi kimempiga ubongo upande wa kulia, na huo upande ndio wenye kazi kubwa ya kutuma umakini wetu kushoto, kwa hiyo kwake kushoto ni kama hakupo, ndevu ananyoa upande mmoja, kandambili ya kushoto haivai halafu anauliza nani kaiba. Nimempigia utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa trei, tunafanya zoezi moja tu, kabla ya kijiko cha kwanza atafute utepe kwa macho mpaka auone. Leo kautafuta mwenyewe bila kuambiwa! Kala uji na mkate wote. Mke wake kanishika mkono akasema haya mambo yangejulikana huko mitaani wazee wengi wasingeitwa wasumbufu, na mimi naona kasema kweli tupu.

Saa 3 mpaka saa 4 nimepita vitanda vingine vitatu, kawaida, nimeandika kwenye mafaili.

Saa 4 ndo alikuwa aje kijana wangu wa Gongo la Mboto. Aliamka saa 10 alfajiri, yeye na kaka yake wakabadilisha daladala mara mbili, saa 2 kasoro washafika. Lakini huwezi kuingia kwangu bila risiti, risiti haitoki bila namba ya malipo, na namba ya malipo haitoki kama mtandao hamna, na leo mtandao hamna. Nimeenda dirishani mwenyewe kuulizia, nikajibiwa tusubiri, nikarudi, nikaenda tena. Watu wamejaa kwenye korido, watoto wanalia, televisheni inapiga kelele, feni haifanyi kazi. Wewe mwenye ubongo mzima unakaa hapo unachoka na kununa basi. Aliyeumia ubongo wa mbele kila kelele inaingia kichwani kwa nguvu ileile, hana wa kumchujia, kwa hiyo kwa kukaa tu kwenye benchi anakuwa anafanya kazi ngumu kuliko nitakayompa mimi. Nimeomba wamruhusu akae kwenye kachumba kangu wakati wanasubiri, wamekataa, utaratibu. Risiti imetoka saa 6 na dakika kadhaa. Kaingia kwangu macho mekundu, ameshaisha.

Niwaelezeni kidogo kuhusu huyu kijana, bila jina. Alikuwa dereva bodaboda, hakuvaa kofia siku hiyo. Ubongo ni laini halafu sakafu ya fuvu pale juu ya macho ina matuta makali, kichwa kikigonga lami ubongo unasukumwa unajikwaruza hapo, na ncha za ubongo za pembeni, usawa wa masikio, nazo zinaumia. Hapo mbele ndo penye kazi ya kupanga, kujizuia, kushika jambo moja kichwani ukiwa unafanya lingine, na kutuliza hasira kabla haijatoka mdomoni. Yaani ukimwona barabarani hutojua kama ni mgonjwa, anaongea vizuri, anasalimia, anacheka, na hilo ndilo linalomponza.

Nimeanza na zoezi la kugonga meza, ni la asili ya Alexander Luria, daktari wa Urusi aliyewahudumia askari walioumia vichwa Vita vya Pili vya Dunia. Nikigonga mara 1 wewe gonga mara 2, nikigonga mara 2 wewe tulia. Namwambia nirudishie nilichosema, anarudisha vizuri neno kwa neno. Nagonga 1, anagonga 2, safi. Nagonga 2, anagonga 2. Anajua kakosea, uso unaonyesha, narudia, anagonga tena. Sheria anaijua ila mkono unakimbia kabla ya breki.

Halafu chai. Jiko la gesi dogo, sufuria, maji, majani, tangawizi, sukari. Kwanza namuuliza chai inapikwaje, anataja hatua zote bila kuruka hata moja. Kaka yake mkubwa aliyemleta amekaa pembeni anatikisa kichwa kukubali, si unaona anajua. Haya, pika. Kaweka maji. Kaweka majani. Hapo simu ya kaka ikaita, kijana kageuka, kaiangalia mpaka ilipokatwa, kurudi kaweka majani tena, kaweka sukari, kafungua droo kutafuta sijui nini, kaweka sukari tena, na jiko bado hajawasha. Kaka kapaza sauti "we mbona unaweka sukari mara mbili, acha ujinga!" na hapohapo kijiko kimeruka ukutani na tusi zito limefuata.

Nimemtoa nje akae na mwenzangu kivulini anywe maji, nikabaki na kaka, na hapa ndo siku yangu yote imeishia maana nimekaa na huyu mtu zaidi ya saa nzima. Kaongea bila kupumua, kwamba huyu dogo anajifanya, kwamba hajaanza leo ujanja, mbona matusi anayakumbuka, mbona yule binti wa saluni anamkumbuka, mbona ukimuuliza Yanga walivyomfunga Simba 5 kwa 1 Novemba 2023 anakusimulia goli moja moja na alikuwa kakaa wapi na alikula nini, lakini ukimwambia zima bomba anasahau, ukimuuliza hela ya hesabu ya siku ile ya ajali aliiweka wapi eti hajui, nani alimgonga hajui, anamficha mtu huyu, halafu bosi mwenye pikipiki anapiga simu kila siku anataka chake, mama analia, na nyie mnamfundisha kupika chai, kweli dada, chai?

Nimemsikiliza mpaka kamaliza. Wengi wakifika hapo wanajibishana naye, mimi sijibishani, kwa sababu na yeye hajalala, na mtu asiyelala mwenye hofu ya hela umakini wake nao unabana unaona kitu kimoja tu.

Nikamwambia kaka yangu, hayo yote uliyosema ni kweli na yote ni dalili. Mechi anaikumbuka kwa sababu ilitokea muda mrefu kabla ya ajali, imeshajikita, halafu siku ile alikuwa na furaha ya kupitiliza. Jambo likikugusa sana, furaha au hofu, kuna kijisehemu ndani ya ubongo kinaitwa amigdala, kikishirikiana na homoni za msisimko kinaiambia sehemu ya kumbukumbu, hili lishike vizuri. Binti wa saluni ni hivyohivyo. Bomba la maji halimgusi mtu. Na ajali je, si ni hofu kubwa kuliko zote? Ndiyo, lakini kumbukumbu inahitaji muda wa kukaa, kuna sehemu inaitwa hipokampasi inayoishika ikiwa bado mbichi, kichwa kikipigwa vile kazi inakatika katikati na mara nyingi hata ya kabla kidogo inapotea nayo. Hela ile kama aliiweka mahali dakika chache kabla, hajaificha kichwani, kumbukumbu yake haikuandikwa kabisa. Umpige, umuombee, umtishie polisi, hakuna kitu pale cha kutoa.

Akaniuliza, na matusi? Yeye ni dereva wa daladala kwa hiyo nikamwambia fikiria makutano ya Buguruni taa zimezimika na trafiki hayupo, magari ni yaleyale na madereva ni walewale, ila hamna wa kumwambia huyu simama yule pita. Hasira wote tunayo, wewe umekasirika muda wote hapa hujanitukana kwa sababu trafiki wako yupo kazini. Wa mdogo wako kaumia. Na akichoka kama alivyochoka kwenye foleni leo, ndo haonekani kabisa. Akanyamaza. Kisha akasema taratibu kumbe asubuhi nyumbani huwa yuko afadhali. Nikasema ndiyo, na hilo umeligundua wewe, liandike.

Bado hajakubali yote, nimeona machoni. Kaniuliza swali gumu kuliko yote, lini atarudi barabarani, na nimemwambia sio sasa. Kuendesha pikipiki Dar ni umakini mtupu, uangalie shimo, daladala linaloingia bila taa, abiria anayekuelekeza, simu inayoita, na vyote uvipange ndani ya sekunde. Aliyeshindwa kurudi kwenye sufuria baada ya simu kuita simpi ruhusa hata aje bosi mwenyewe. Hiyo ndo sababu ya chai. Chai ina hatua chache, ina moto, ina usumbufu, ikimshinda hapa mezani hamna aliyekufa.

Baadaye kijana karudi ametulia, tukapika upya. Nimefunga mlango, simu zote kimya, kila hatua nimemchorea kwenye karatasi na kabla hajafikia kukosea namwelekeza. Simwambii jaribu kukumbuka, hiyo ndo kauli nawaomba ndugu waache, kwa sababu akikisia vibaya lile kosa linabaki mkononi na kesho atalirudia bila kujua lilitoka wapi. Kumbukumbu za mikono zina njia yake nyingine. Kuna Mmarekani, Henry Molaison, mwaka 1953 alipasuliwa kichwa kwa ajili ya kifafa wakatoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, tangu hapo hadi anafariki 2008 karibu hakuweza tena kushika jambo jipya, lakini mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota kwa kuangalia kwenye kioo na kila siku mkono wake ulizidi kuwa mzuri huku mwenyewe akiona ni mara yake ya kwanza. Kijana wangu hajafika huko, ila kila akija ananiuliza "we dada unaitwa nani vile", na leo kijiko kilipotakiwa mkono wake umeenda droo ya pili moja kwa moja bila kutafuta. Mimi hiyo droo nimeiona nikafurahi mpaka nikamwonyesha kaka yake.

Chai ilitoka nzuri. Tumekunywa watatu.

Chakula changu cha mchana nimekula sijui saa 9 au 10, wali umeshapoa. Kulikuwa na mgonjwa mwingine, mama anayeruhusiwa kesho, na nimemalizia naye haraka kuliko ninavyopenda, halafu mafaili, halafu kikao cha dakika tano kilichochukua nusu saa. Mgongo unauma ila kinachochoka zaidi ni kichwa, siku nzima unashika umakini wa watu wengine kwa niaba yao, jioni nikifika nyumbani mwanangu akinisimulia ya shule nasikia sauti tu maneno hayaingii, inabidi nikae kimya kama dakika 20 kwanza ndo nimwambie haya anza upya.

Usiku kaka kanitumia ujumbe kwamba redio wamezima wakati dogo anaoga na ameoga akamaliza. Nimemjibu wiki ijayo aje na vitu vitatu, daftari dogo la mfukoni, simu yenye alamu, na mama yao, kwa sababu ndo anayeshinda naye. Na nimeshaongea na wa dirishani, siku yao wakifika kabla ya saa 1 na nusu niitwe niwapokee mwenyewe.

Kama una ndugu aligongwa kichwa, akaruhusiwa kutoka hospitali, na sasa mnasema amekuwa mvivu au mkorofi au karogwa, rudini kliniki muulize OT yuko wapi. Mpelekeni asubuhi, amelala vizuri, ameshakula, na aende na mtu anayeishi naye. Akiambiwa apike chai, mwacheni apike.