Jana usiku nimethibitisha chuo

Wiki nzima nilikuwa silali. Nimechaguliwa vyuo viwili, UDOM kule Dodoma na Stella Maris hapa hapa Mtwara, vyote ualimu, na TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka uthibitishe kimoja tu. Mjomba ananihimiza nikaone dunia. Mama hasemi kitu, anabangua korosho tu, na kimya chake ndicho kilichonikaba hadi chakula hakipiti.

Jumamosi nikazima simu, nikapanda gari la Newala kwa bibi. Tukaokota korosho tangu alfajiri, mikono inanata maji ya mabibo, hakuna aliyeniuliza habari za chuo. Jioni nikachukua daftari nikaandika nauli, chumba, chakula, na mkopo ukichelewa nitaishije. Hofu ikapungua kidogo. Iliyobaki nikamwambia bibi: naogopa kumwacha mama peke yake.

"Mjukuu wangu, mwenyewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza!

Jana nimemuuliza. Akaacha kubangua, akanitazama, akasema, "Nenda mwanangu, mimi nipo." Saa nne usiku nikaingiza namba ya kuthibitisha, vidole vinatetemeka. Dodoma. Nikalala hadi adhana ya alfajiri.