Zabibu za Dodoma kwenye friza: ninavyopata barafu laini bila mashine

Ukiuliza barafu ya zabibu inatengenezwaje, wengi watakujibu kwa mkato: osha, tia kwenye friza, kula. Kwa zile zisizo na mbegu zinazotoka Afrika Kusini na kuuzwa kwenye vikasha vya madukani, jibu hilo linatosha. Ila zabibu inayojaa Dodoma ni ya namna nyingine. Makutupora nyekundu ni zabibu ya mvinyo: ganda nene, mbegu ndani, utamu mwingi na uchachu wa kuamsha ulimi. Ukiigandisha nzima, ganda linabaki mdomoni baada ya tamu yote kwisha, na mbegu zinagonga meno. Ladha yake, hata hivyo, hiyo ya kikasha haiifikii hata robo. Kwa hiyo kazi yangu yote imekuwa kuitoa ile ladha, kuacha ganda na mbegu nyuma, kisha kuigandisha bila kupata bonge la mawe.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku na wizara, baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli. Kwetu barafu ni ya ukwaju, ya ubuyu au ya embe, inauzwa kwenye deli na watoto wanaikimbilia. Zabibu tuliijua ile kavu ya kwenye biriani. Nimekutana na zabibu mbichi kwa ndoo hapa hapa, barabara ya Iringa, pale Mpunguzi ambapo akina mama huzipanga pembeni mwa lami msimu ukifika.

Na msimu huku ni mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mizabibu inapunguzwa matawi mara mbili, kwa hiyo kuna mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Yale ya mwanzo yanaangukia kwenye mvua. Zabibu zinavimba maji na utamu unapungua kidogo. Za Agosti zimeiva kwenye ukavu na jua lisilo na wingu, na kwa ulimi wangu ndizo za kuweka. Halafu zinakuja kwa wakati: ukikamua Septemba na kuhifadhi, Oktoba na Novemba joto linapokausha koo tayari unacho cha kujipoza.

Kuhusu kuchagua, mwalimu wangu ni bibi mmoja wa Mpunguzi. Nilikuwa nimeinamia ndoo yenye vichala vikubwa vinavyong'aa, nikamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unataka za kula au za kukamua?"

"Za kugandisha."

"Za kugandisha!" Akacheka mpaka jirani yake akageuka. Kisha akachuma punje moja, akaing'ata, akatemea mbegu kiganjani na kuninyooshea. "Hebu tazama mbegu. Hii ni ya kahawia, imeiva. Ukiona ya kijani, hiyo mwachie mwenye shamba."

Ukubwa wa kichala haukumshughulisha kabisa. Na ana haki, kwa sababu zabibu ikishachumwa haiendelei kuiva. Si embe wala parachichi kwamba utaifunika ndani ya unga usubiri. Ilivyo ndooni ndivyo itakavyokuwa nyumbani, basi onja kabla hujatoa hela.

Nyumbani naanza na kuosha. Mashamba ya zabibu hupigwa dawa, salfa hasa, kwa ajili ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga, kwa hiyo haitoshi kumwagia maji juu juu. Naloweka kwenye beseni, nachezesha kwa mkono, namwaga, narudia mpaka maji yatoke safi. Ule weupe mwembamba unaofutika kwa kidole si dawa, ni nta ya zabibu yenyewe, usihangaike nao. Baada ya hapo naondoa vikonyo vyote. Ni kazi ya kuketi, na watoto wakikusaidia hesabu kwamba sehemu fulani haitafika kwenye sufuria.

Sasa jikoni. Nilichokataa tangu mwanzo ni blenda. Kisu cha blenda kinasaga mbegu pamoja na nyama, na mbegu ikisagika inatoa uchungu na ukakasi ambao sukari haiufuti. Natia zabibu kwenye sufuria bila maji, au kijiko kimoja viwili tu ili zisishike chini, nafunika na kuweka moto mdogo. Baada ya muda maganda yanaanza kupasuka yenyewe, unasikia kabisa. Naponda polepole kwa mwiko, na hapo ndipo rangi inapotokea. Nyama ya Makutupora ni ya kijani hafifu, wekundu wote umo gandani, na joto ndilo linaloutoa. Dakika chache sufuria nzima inageuka zambarau iliyokolea. Rangi ikikolea naepua. Ukiiacha itokote sana utapata harufu ya jamu, nayo ni nzuri juu ya mkate lakini kwenye barafu inachosha. Faida nyingine ya moto ni kwamba unaua hamira inayokaa kwenye ganda. Juisi mbichi ya zabibu ikikaa mezani kwa joto la Dodoma, haichelewi kuanza kutoa mapovu, na hapo umeshaanza safari ya mvinyo.

Kuchuja nachuja kwa kifumbu nilichokuja nacho kutoka nyumbani, kile cha kukamulia tui. Majirani zangu hapa Ilazo walikuwa hawajawahi kukiona. Unamimina rojo ikiwa imepoa kiasi cha kushikika, unaminya, unasokota, juisi inachuruzika kwenye jagi na ndani yanabaki maganda na mbegu zilizoshikamana vizuri. Kifumbu changu sasa kimekuwa cha zambarau na tui hakitachuja tena, nimekikubali hivyo. Asiyekuwa nacho atumie kitambaa safi, ila kiwe kile asichokihitaji kwa shughuli. Kilo mbili za zabibu zinanipa lita moja na kitu hivi.

Nije kwenye sukari, maana barafu laini inapatikana hapa. Maji matupu yanaganda kuwa jiwe. Sukari inazuia sehemu ya maji isigande, na kile kimiminika kinachobaki katikati ya chembe za barafu ndicho kinachofanya kijiko kipite. Ikipungua utahitaji nyundo; ikizidi haitaganda kabisa, itabaki uji. Tatizo ni kwamba zabibu hazilingani utamu. Za Machi zinataka sukari zaidi, za Agosti kidogo, kwa hiyo kipimo cha vikombe kilichoandikwa na mtu mwingine hakikusaidii sana.

Ninachotumia ni yai. Chukua yai bichi, jipya, lisilo na ufa, ulioshe kwa sabuni na kulisuuza vizuri. Litie taratibu ndani ya jagi la juisi iliyopoa. Juisi ya zabibu peke yake, hata ikiwa tamu, yai huzama. Litoe, ongeza sukari vijiko viwili, koroga hadi iyeyuke yote, rudisha yai. Linaanza kunyanyuka. Endelea hivyo mpaka liibuke na kuonyesha juu ya juisi kidoa cha ganda chenye upana wa sarafu ya shilingi mia. Simama hapo. Sukari inaongeza uzito wa juisi, ndiyo maana yai linainuliwa, na kidoa cha sarafu kinakuambia umefika kwenye robo na zaidi kidogo ya sukari kwa uzito, ukijumlisha na ile ya zabibu yenyewe. Kwa lita moja ya juisi ya zabibu za Agosti mara nyingi naishia kuongeza nusu kikombe cha chai cha sukari. Yai lazima liwe jipya, kwa sababu yai la siku nyingi lina hewa ndani na litaelea hata kwenye maji ya bomba, likakudanganya. Ukimaliza, ndimu moja na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Usiogope ikionekana tamu kupita kiasi wakati huo. Ulimi uliopoa hausikii utamu sawasawa, ikiganda itakuwa imeshuka.

Kugandisha kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Namimina kwenye sinia pana la alumini, kina cha vidole viwili, naliweka chini kabisa kwenye friza. Chombo kipana cha bati kinaganda haraka, na kinachoganda haraka kinatoa chembe ndogo. Kontena refu la plastiki linachukua usiku kucha na linatoa mabonge. Kingo zikianza kushika, nachukua uma nakwangua kutoka pembeni kuelekea katikati, narudisha. Kila nusu saa hivi narudia. Ukiishia hapo una barafu ya chengachenga, ya kula kwa kijiko kwenye glasi, na mimi naipenda hivyo mchana wa jua. Ukitaka laini kama ya dukani, ichukue ikiwa chengachenga ngumu, ipige kwa blenda kwa muda mfupi (hapo blenda ruksa, mbegu zimeshatoka) kisha ifungie kwenye kontena.

Kuna kitu nilichoongeza ambacho sijakiona kwa mtu mwingine, nacho ni unga wa ubuyu. Mkoa huu mibuyu imejaa, na unga wake hauhitaji kutafutwa mbali. Vijiko viwili vya unga laini, vilivyokorogwa kwanza kwenye juisi kidogo ya vuguvugu na kuchujwa, vinaipa barafu uzito na kuizuia isiwe na chenga kubwa. Ubuyu una pektini nyingi, ile inayoshikisha jamu. Unaleta pia uchachu, kwa hiyo ukiutia acha ndimu. Rangi inafifia kidogo kuelekea waridi, watoto wangu wanaipenda zaidi hiyo.

Ya maziwa nafanya mara moja moja tu, wageni wakija. Mtindi nauning'iniza kwenye kitambaa usiku kucha ndani ya friji ili maji yadondoke, maana maji ya mtindi ndiyo yanayokuja kuwa barafu ngumu. Nusu lita ya mtindi uliochujwa hivyo, kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, na kikombe cha juisi ya zabibu niliyoirudisha motoni ikapungua hadi nusu. Usichanganye yote, mtindi na maziwa kwanza, kisha zabibu unaipitisha kwa kijiko ibaki mistari.

Umeme ukikatika, na hukatika, usifungue friza kwenda kuchungulia. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashikilia baridi siku mbili hivi, iliyojaa nusu siku moja. Ile ya juisi tupu ikiyeyuka naikwangua upya na kuigandisha tena, haina neno. Ya maziwa ikishayeyuka na kupata joto siirudishi.

Na asiye na friza asikate tamaa. Dada yangu alipokuja kunitembelea tulifanya kwa ndoo: barafu ya kununua iliyopondwa, chumvi ya mawe, mafungu matatu ya barafu kwa moja la chumvi, na sufuria ndogo ya alumini yenye juisi katikati. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke, na inapoyeyuka inanyonya joto kutoka kwenye sufuria, baridi inashuka chini sana ya sifuri. Unazungusha sufuria kwa mkono na kukwangua kuta zake kwa mwiko. Kwa kuwa inakorogwa muda wote, inatoka laini kuliko ya friza. Dada alilalamika vidole vinamuuma, lakini bakuli la pili alijipakulia mwenyewe. Hakikisha tu maji ya chumvi hayaingii kwenye sufuria.

Kwa wale wanaotaka punje nzima, tafuteni zabibu nyeupe zenye ganda jepesi, zikausheni kabisa kwa taulo, zitandazeni kwenye trei zisigusane, zikiganda ndipo mzitie kwenye chombo. Mtoto aliye chini ya miaka mitano msimpe nzima. Ni ya duara, inateleza, na inaziba koo sawasawa. Ipasueni kwa urefu vipande vinne na mbegu mtoe.

Mwisho ni kifuniko. Friza yangu ndiyo hiyo hiyo yenye perege wa bwawa la Mtera, na barafu ya sukari inavuta harufu haraka. Natandaza karatasi ya nailoni ikigusa uso wa barafu yenyewe, nafunga kifuniko juu, na samaki nawafungia kwao chini. Nikitaka kupakua naitoa kama dakika kumi kabla, hapa kwetu mchana dakika tano zinatosha.